Jinsi ya kulitazama jiwe la kaburi la Alxenor

Katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia hapa Athens kuna jiwe la kaburi lenye namba 39. Kimo chake kinakaribia mita mbili, ni jembamba, ni marumaru ya kijivu, na usoni pake amechongwa mzee mwenye ndevu aliyeegemea fimbo huku akimpa mbwa wake panzi. Chini ya miguu ya mzee kuna mstari mmoja wa maandishi: Alxenor wa Naxos ndiye aliyelitengeneza, hebu tazameni. Jiwe lilipatikana Orchomenos, katika nchi ya Boeotia, na wataalamu wanalikadiria kuwa la mwaka 490 K.K. hivi. Alxenor tunamjua kwa jiwe hili tu.

Mimi ni fundi wa marumaru. Nakata ngazi, meza za jikoni na mawe ya makaburi, na nimeishi mji huu miaka mingi. Ndugu na jamaa wakija kutoka Tanga au Mombasa hunitafuta niwatembeze, na wote huanza na Acropolis, kama inavyostahili. Lakini nikipata nafasi ya kuwapeleka mahali pamoja pa ziada, nawapeleka kwa Alxenor, kwa sababu yeye alituomba kitu kimoja tu, tutazame, na nimeona watu wengi wakipita mbele yake bila hata kusimama. Maelezo haya ni kwa atakayekwenda bila mimi, na kwa aliye mbali mwenye picha ya jiwe kwenye simu yake. Mwenye picha akifika mwisho kuna kazi ya mikono nimemwekea.

Kwanza kufika. Makumbusho yako barabara ya Patission. Ukipanda treni ya laini ya kijani shuka Victoria au Omonia, kisha tembea. Anayekaa mtaa wa Kypseli anateremka na Patission yenyewe kwa miguu. Jumanne hufunguliwa mchana, siku nyingine asubuhi. Kuanzia Novemba hadi Machi, Jumapili ya kwanza ya mwezi kiingilio ni bure, ila siku hiyo watu ni wengi, na jiwe hili linataka nafasi ya kusogea kushoto na kulia. Begi kubwa utaliacha mlangoni. Picha unaruhusiwa kupiga bila flashi, na hata wasingekataza mimi ningekuambia uizime, maana mwanga unaotoka mbele moja kwa moja unaua vivuli, na mchongo usio na vivuli hauonekani. Usiguse. Marumaru ina vinyweleo, mafuta ya mkono yanaingia na hayatoki tena. Kazini tunalijua hilo kila tunapoona alama za vidole zimebaki kwenye jiwe lililokwisha kung'arishwa.

Usiende kwa Alxenor moja kwa moja. Pitia kwanza kwa Nikandre, sanamu namba 1, mwanamke aliyesimama wima, bapa kama ubao, wa karibu mwaka 650 K.K. Alitoka kisiwa cha Delos, lakini marumaru yake ni ya Naxos na aliyemtoa wakfu kwa mungu wa kike Artemis ni mwanamke wa Naxos. Ubavuni mwa vazi lake kuna maandishi marefu: Nikandre, binti wa Deinodikes, dada wa Deinomenes, mke wa Phraxos. Ukoo mzima umeandikwa. Fundi hayumo.

Mwangalie Nikandre vizuri, kwa sababu Alxenor anatoka kisiwa hicho hicho. Naxos ni kisiwa cha marumaru, na milima yake ina msasa wa asili, ule mwamba mgumu mweusi uliosagwa ili kung'arishia mawe. Watu wake walikuwa miongoni mwa Wagiriki wa kwanza kabisa kuchonga sanamu kubwa za marumaru. Huko Apollonas, kaskazini mwa kisiwa, hadi leo kuna sanamu ya mwanamume yenye urefu wa zaidi ya mita kumi, imelala pale pale machimboni, haikumalizika wala haikuondolewa. Na huko Delos kuna kitako cha sanamu cha karne ya 7 K.K. ambapo fundi mwingine wa Naxos, Euthykartides, ameandika kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza na yeye ndiye aliyeitoa wakfu. Ni mojawapo ya sahihi za kwanza za mchongaji tunazozijua katika Ugiriki yote. Kwa hiyo Alxenor anapojitaja, nyuma yake kuna ujuzi wa kisiwa kizima wa zaidi ya karne moja.

Kituo cha pili ni jiwe la Aristion, namba 29, askari aliyevaa deraya na kushika mkuki, la karibu mwaka 510 K.K. Chini limeandikwa "kazi ya Aristokles". Hapa tafuta rangi. Mabaki ya nyekundu yaliwahi kuonekana wazi nyuma ya askari, maana mawe haya hayakuwa meupe wala ya kijivu yalipokuwa mapya, yalipakwa rangi. Ukishaona hivyo, ukifika kwa Alxenor utajua kwamba unachokiona ni mifupa ya kazi, na kwamba uso ule wa nyuma ulio mtupu huenda ulikuwa na rangi iliyomsukuma mzee mbele.

Tahadhari moja hapa, maana inawachanganya wengi. Aristion wa jiwe hili ni marehemu. Kuna Aristion mwingine, wa kisiwa cha Paros, ambaye ni mchongaji. Sahihi yake iko kwenye kitako cha sanamu ya msichana Phrasikleia, iliyochimbuliwa mwaka 1972 huko Merenda, na imo katika makumbusho haya haya. Mmoja alizikwa, mwingine alichonga, na aliyechonga jiwe la aliyezikwa ni Aristokles. Rudia mara mbili kichwani kabla hujamweleza mtu.

Sasa Alxenor.

Simama hatua nne au tano nyuma na utazame umbo zima kabla ya chochote. Jiwe ni jembamba mno kwa mtu anayeegemea. Aristion amesimama wima, kwa hiyo anaenea ndani ya fremu yake bila taabu. Mzee wa Alxenor ameinama kidogo, ameweka uzito wake juu ya fimbo iliyomfika kwapani, amepishanisha miguu, na bado anatakiwa aache nafasi ya mbwa. Mbwa hana pa kukaa. Ndiyo maana amesimamishwa kwa miguu ya nyuma akiambaa na ukingo wa jiwe, shingo imepinda, mdomo juu kuelekea panzi. Kuna wanaosema mbwa huyu amechongwa vibaya, mwili wake umejikunja isivyo kawaida. Mimi nasema waulize nafasi iliyokuwepo. Fundi alipewa ubao wa jiwe wa upana fulani, na mteja alitaka mzee na mbwa wake. Wengine wangempunguza mbwa akawa kama paka au wangemweka amelala. Yeye alimwinua.

Sogea karibu. Anza na miguu, usianze na uso. Mguu mmoja unaonekana ubavuni kama miguu yote ya michongo ya zamani. Wa pili umeelekezwa kwako: vidole vinakutazama, unyayo unarudi nyuma kuingia ndani ya jiwe. Simama hapa muda mrefu kuliko utakavyosimama mahali pengine popote katika makumbusho. Kabla ya kizazi hiki, kwenye mchongo wa jiwe bapa kila mguu ulichongwa kwa ubavu, kwa sababu kwa ubavu mguu unajieleza wenyewe, kisigino huku na vidole kule. Ukiugeuza ukutazame, urefu wote unatoweka. Kinachobaki ni vidole vitano na kilima kidogo nyuma yake, na wewe fundi una kina kidogo sana cha marumaru cha kumfanya mtu aamini kwamba pale kuna unyayo mzima wa mzee. Wachoraji wa vyungu wa Athens walikuwa wakihangaika na jambo hili hili miaka hiyo hiyo. Mmoja wao, Euthymides, aliandika kwenye chungu ambacho sasa kiko Munich kwamba amechora kama Euphronios, mwenzake, asivyowahi kamwe. Ulikuwa wakati wa mafundi kupimana ubavu hadharani, na "hebu tazameni" ya Alxenor inatoka hewa hiyo hiyo.

Sasa sogea upande, ukalitazame jiwe kwa pembe, karibu sawa na ukuta. Kazini tukitaka kujua kama uso wa jiwe umenyooka tunafanya hivyo hivyo, jicho linawekwa usawa wa jiwe. Utaona jinsi kila kitu kilivyopangwa kwa tabaka nyembamba: mguu mbele ya mguu, mkunjo wa shuka juu ya paja, mkono mbele ya shuka. Rudi mbele, na tabaka zote zinakuwa mwili. Rudia mara kadhaa. Niliwahi kumfanyisha hivyo kijana wa dada yangu aliyekuja kunitembelea akiwa na umri wa miaka kumi na kitu. Aliniambia, "Mjomba, huyu mzee anaingia na kutoka." Sijasikia maelezo bora ya kazi hii.

Kisha panda na fimbo. Ina vifundo, ni tawi lililokatwa mtini, na kila kifundo kimechongwa. Angalia shuka inavyoning'inia kwenye bega, mikunjo ikishuka kwa uzito wake. Bado kuna ukakamavu fulani, mikunjo imepangika kuliko nguo ya kweli inavyopangika, lakini fuata mmoja kuanzia juu hadi chini uone unavyobadilika unapopita mahali mwili ulipoinama. Halafu mkono wenye panzi. Mdudu huyu ni mdogo sana, na mtu mwenye haraka hamwoni kabisa. Wageni wangu nawaacha wamtafute wenyewe. Wakishampata, uso wa mzee unageuka kuwa kitu kingine mbele ya macho yao: jicho lake, kichwa kilichoinama, mdomo wa mbwa, vyote vinakutana kwenye yule mdudu. Jiwe la kaburi, na kilichochaguliwa kukumbukwa ni mchezo wa mzee na mbwa wake, wakati wa mapumziko, labda njiani kwenda shambani. Aristion amepewa mkuki. Mzee huyu amepewa panzi, na mimi namhisi karibu zaidi.

Maandishi yawe ya mwisho. Yako chini, kwenye ukanda ulio chini ya miguu, yamefifia, na maneno hayakuachiwa nafasi kati yake, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Chuchumaa, kisha utafute neno ΕΠΟΙΗΣΕΝ. Hilo ndilo "alitengeneza", na ukilizoea utalikuta kwenye vitako na vyungu vingi katika majengo haya. Jina liko mbele yake, mji uko nyuma yake, na mwito wa kutazama uko mwishoni. Mstari wote una mizani, ni ile mizani ya mashairi ya Homeros, mshairi wa kale wa Wagiriki, kwa hiyo Alxenor hakusaini tu, alitunga. Sisi tuliokulia kwenye tenzi hatupaswi kushangaa: mtunzi wetu naye hujitaja beti za mwisho, kwa mizani ile ile aliyoanza nayo.

Neno la kukaa nalo ni Naxos. Orchomenos iko bara, na kati yake na kisiwa cha Naxos kuna bahari na milima. Mtu aliyeko kwao hana sababu ya kuandika anatoka wapi, kila mtu anamjua ni mtoto wa nani. Unaandika mji wako ukiwa ugenini, na kazi ukiipata ugenini. Alxenor alikuwa fundi aliyesafiri na ujuzi wake, akachonga jiwe la hapo hapo, la kijivu la Boeotia, ambalo si lile jeupe lenye chembe kubwa alilozoea kisiwani. Jiwe jipya ni kama mwajiri mpya, linakupa masharti yake. Linavyopasuka, linavyopokea tindo, linavyokataa kung'aa, vyote inabidi ujifunze upya. Nami nilizoea mawe ya matumbawe ya pwani kabla sijakutana na marumaru ya Pendeli, mlima ulio karibu na Athens, kwa hiyo sehemu hii ya jiwe naisoma kwa mikono yangu.

Usimtungie hadithi, lakini. Kwa kuwa Waajemi waliuchoma mji wa Naxos mwaka 490 K.K., wapo wanaopenda kusema Alxenor alikuwa mkimbizi. Jiwe halisemi hivyo, na mwaka wake ni wa kukadiria. Mafundi wa visiwani walisafiri kikazi tangu zamani. Yule Aristion wa Paros alikuwa Attica, jimbo la Athens, miaka hamsini kabla. Tena Athens yenyewe, karibu na kuanza kwa karne ya 5 K.K., mawe makubwa ya makaburi yanakoma kwa miongo mingi, na Cicero, mwandishi wa Kirumi, anataja sheria iliyozuia makaburi ya fahari. Fundi wa kazi hii alipaswa kwenda kwenye wateja.

Ukimaliza, kabla hujatoka nenda kwa Hegeso, namba 3624, wa miaka ya mwisho ya karne ya 5 K.K., mwanamke aliyeketi akichagua kito kwenye kijisanduku kilichoshikwa na mtumishi wake. Ni mchongo mzuri kuliko karibu wote. Juu yake limeandikwa jina lake na la baba yake, Proxenos, na hakuna jina la mchongaji. Kwa mzee wetu ni kinyume, fundi yupo na marehemu hana jina. Huenda liliandikwa kwenye kitako kilichopotea. Familia ya mzee ilikubali fundi ajisifu chini ya miguu ya baba yao. Sisi siku hizi tukiweka kibati kidogo chenye jina la karakana kwenye pembe ya kaburi, kuna familia zinazotuambia tukiondoe, na wana haki yao. Wale wa Orchomenos waliona fahari ya fundi na heshima ya marehemu vinakaa kwenye jiwe moja.

Sasa kazi ya mikono, ambayo hata aliyefika makumbusho naomba aifanye. Chukua kipande cha sabuni ya mche, ile ndefu ya kufulia, iwe mpya, maana iliyokauka inamegeka. Andaa kisu kidogo kisicho kikali sana, msumari, kijiti cha meno na tochi ya simu. Kwangua uso mmoja mpaka unyooke. Acha ukingo wa upana wa kidole kuzunguka pande zote, hiyo ndiyo fremu, na hapo ndipo kina cha mwisho kinapopimwa: kitu chochote kisizidi kimo cha fremu.

Simama mbele ya kioo kirefu, peku, mguu mmoja umeelekea kioo. Tazama kinachoonekana kweli. Usichore unachokijua. Chora kwa ncha ya msumari: vidole, kilima cha unyayo, kifundo, ugoko ukipanda juu. Kisha chimba nyuma, yaani pande zote za mguu, milimita tano tu, uso wa nyuma uwe tambarare. Hapo una mguu uliokatwa kama biskuti, bapa. Kazi inaanza sasa. Katika mwili wa kweli vidole viko mbele ya ugoko kwa karibu urefu mzima wa unyayo, na wewe una milimita tano za kuligawa hilo. Vidole viache juu kabisa, usawa wa fremu. Kuanzia mashina ya vidole teremsha mteremko kwenda kwenye kifundo, polepole, milimita tatu hivi. Ugoko uanzie pale chini na upande bila kurudi mbele. Uzungushe kingo zake tu. Ukiupandisha ugoko mpaka usawa wa vidole, mguu utaonekana umesimama kwa ncha za vidole kama unaning'inia.

Zima taa ya chumba, weka tochi ubavuni usawa wa sabuni, na uzungushe sabuni badala ya tochi. Kivuli kikikatika ghafla, mteremko wako una ngazi. Ikwangue kwa ubapa wa kisu. Vidole vitenganishe mwisho kwa kijiti cha meno, kidole kidogo kiwe chini zaidi ya kidole gumba. Kisu kikiteleza, lowesha dole gumba na usugue palipochubuka, sabuni inajiziba yenyewe. Marumaru haina huruma hiyo. Acha ukanda chini kwa ajili ya jina, na jina ulichonge sabuni ikishakauka usiku mmoja, la sivyo herufi zitafumba. Kwenye picha ya simu piga kwa mwanga ule ule wa ubavuni, na uiweke karibu na picha ya jiwe namba 39, mguu kwa mguu.